Funksheni Inapokabidhiwa Funksheni Nyingine: Nani Anaita, Lini, na kwa Agumenti Zipi

Lalamiko moja husikika mara kwa mara miongoni mwa wafanyabiashara wa Nairobi wanaouza bidhaa mtandaoni. Mteja anabonyeza kitufe cha kulipa kwa M-Pesa, tovuti inamwandikia papo hapo kwamba malipo yamepokelewa, ilhali simu yake ndiyo kwanza inamwomba aingize nambari ya siri, na pengine asiiingize kabisa. Mwenye duka hushuku kwamba ameibiwa, mteja hulaumu mtandao, na kijana aliyeijenga tovuti huapa kwamba alifuata maelekezo yote. Mara nyingi hakuna wizi wala hitilafu ya mtandao. Kilichopo ni kosa dogo la uandishi wa programu, ambalo chimbuko lake ni kuchanganya mambo mawili yanayofanana kwa maandishi lakini yanayotofautiana kabisa kwa maana: kuita funksheni, na kuikabidhi funksheni kwa mwingine ili aiite yeye kwa wakati wake.

Mkanganyiko huu haujabaki kwa wajenzi wa tovuti peke yao. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili, kwa hiyo si ajabu leo mzazi kuulizwa na mwanawe kwa nini mabano mawili matupu yameiharibu kazi yake yote. Tutaanza na maana za maneno machache, kisha tupande polepole hadi pale ambapo wengi hukwama. Mifano mingi itakuwa ya lugha ya programu iitwayo Python, kwa kuwa maandishi yake ni mafupi, na michache itakuwa ya lugha nyingine, JavaScript.

Funksheni ni kipande cha programu kilichopewa kazi moja na, kwa kawaida, jina. Kuiita funksheni ni kuiagiza itekeleze kazi hiyo na kurudisha jibu. Kile ambacho funksheni inahitaji kupewa huwekewa nafasi yenye jina, na nafasi hiyo ndiyo parameta. Thamani halisi inayotiwa katika nafasi hiyo wakati wa kuita ndiyo agumenti. Watu wengi huyatumia maneno hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna madhara. Hapa tutayatenganisha, kwa sababu parameta huandikwa na aliyeitunga funksheni, ilhali agumenti hutolewa na anayeiita, na wawili hao mara nyingi si mtu mmoja.

Tuchukue ushuru wa VAT, ambao nchini Kenya ni asilimia 16 kwa bidhaa nyingi:

```
def bei_na_ushuru(bei):
    return bei * 116 / 100
```

Hapa `bei` ni parameta. Tukiandika `bei_na_ushuru(500)`, tumeiita funksheni, 500 ni agumenti, na jibu ni 580. Hadi hapo hakuna anayelalamika. Matatizo huanza tunapoliandika jina peke yake, bila mabano: `bei_na_ushuru`. Mwanafunzi akiiamuru Python ichapishe jina hilo tupu, huona maandishi ya ajabu yanayotaja neno la funksheni na mfuatano wa tarakimu na herufi, naye hudhani ni ujumbe wa kosa. Si kosa. Ni Python inayomwambia kwamba alichokishika mkononi ni funksheni yenyewe, wala si jibu lake, na tarakimu zile huonyesha mahali inapokaa katika kumbukumbu ya kompyuta.

Katika lugha nyingi za leo, funksheni ni thamani kama thamani nyingine. Unaweza kuihifadhi katika kigeu, yaani jina linaloshika thamani inayoweza kubadilika, kuiweka ndani ya orodha, na, jambo linalotuhusu hapa, kuipa funksheni nyingine iwe agumenti yake. Mabano ndiyo yanayoamua. Jina likiwa na mabano, kazi inafanyika sasa hivi na kinachosafiri ni jibu. Jina likiwa halina mabano, hakuna kazi inayofanyika na kinachosafiri ni uwezo wa kuifanya.

Fikiria arusi katika mtaa wa Pumwani, na wewe umeahidi kuchangia chakula. Una njia mbili. Unaweza kupika pilau kwako na kupeleka sufuria iliyoiva, au unaweza kumpeleka mpishi. Ukipeleka sufuria, mambo yamekwisha: kiasi kimeamuliwa, chumvi imeamuliwa, na pilau inaanza kupoa. Ukimpeleka mpishi, hakuna kilichopikwa bado. Wenye arusi ndio watakaompa mchele na nyama, wao ndio watakaoamua awashe moto saa ngapi, na wanaweza kumwambia apike mara tatu au asipike kabisa. Mpishi ni funksheni isiyo na mabano, sufuria ni jibu la funksheni iliyokwisha kuitwa, na mchele wa mwenye arusi ni agumenti. Mfano huu una mpaka wake, kwa kuwa mpishi mmoja hawezi kuwa katika arusi mbili usiku mmoja, ilhali funksheni moja inaweza kukabidhiwa funksheni hamsini kwa wakati mmoja bila kupungua. Lakini kwa swali la nani anaita, lini, na kwa agumenti zipi, unatosha.

Sasa turudi kwenye risiti. Mnamo Aprili 2020, wakati wa janga la korona, serikali ya Kenya iliushusha ushuru wa VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na Januari 2021 ukarudi 16. Bidhaa za petroli nazo zilikuwa na kiwango chao cha asilimia 8 tangu mwaka 2018 hadi Sheria ya Fedha ya 2023 ilipokipandisha. Mwanaprogramu aliyeuandika ushuru ndani kabisa ya hesabu ya risiti alilazimika kuifungua hesabu hiyo kila mara sheria ilipobadilika. Aliyetenganisha kazi ya kujumlisha na kanuni ya ushuru hakuigusa hesabu yake:

```
def jumla_ya_risiti(bei_zote, kanuni):
    jumla = 0
    for bei in bei_zote:
        jumla = jumla + kanuni(bei)
    return jumla

jumla_ya_risiti([500, 250, 100], bei_na_ushuru)
```

Jibu ni 986. Tazama parameta ya pili, `kanuni`. Ndani ya funksheni haijulikani ni kanuni ipi. Kinachojulikana ni kwamba itaitwa mara moja kwa kila bei, na kwamba itapewa agumenti moja. Mwaka 2020 tungeandika funksheni nyingine ya mistari miwili yenye asilimia 14, tuikabidhi mahali pa ile ya kwanza, na jumla ingekuwa 969. Funksheni ya aina hii, inayopokea funksheni nyingine, huhesabiwa kuwa ya daraja la juu, jina ambalo huwatisha wanafunzi bure, kwa sababu hakuna lolote la ziada ndani yake kuliko hayo mliyoyaona.

Hapa ndipo kosa la kwanza na la kawaida zaidi linapojitokeza. Mwanafunzi anaandika `jumla_ya_risiti([500, 250, 100], bei_na_ushuru())`, akiweka mabano kwa mazoea. Python huiita `bei_na_ushuru` hapo hapo, kabla hata ya kuanza kujumlisha, na kwa kuwa mabano ni matupu hulalamika kwamba agumenti `bei` imekosekana. Mwanafunzi akijaribu kuiridhisha kwa kuandika `bei_na_ushuru(500)`, lalamiko hubadilika: sasa Python husema kwamba namba ya desimali haiwezi kuitwa. Lalamiko hilo la pili ndilo lenye mafunzo. Alichokabidhi ni 580, yaani sufuria iliyoiva, na `jumla_ya_risiti` ilipojaribu kuiambia sufuria ipike, haikuwezekana.

Swali linalofuata huulizwa na karibu kila mwanafunzi makini: ikiwa sijaandika mabano, `bei` inatoka wapi? Jibu ni kwamba inatoka kwa anayeita, na anayeita si wewe tena. Ulipoikabidhi funksheni, ulikabidhi pia haki ya kuchagua agumenti zake. Hili likieleweka, mambo mengi yanayoonekana kuwa miujiza huwa ya kawaida. Ukiiamuru Python ipange orodha ya majina kwa urefu wao, unaandika `sorted(majina, key=len)`. `len` ni funksheni ya kupima urefu, nawe hukuiita popote. `sorted` ndiyo inayoiita, mara moja kwa kila jina, na jina hilo ndilo agumenti.

Kwa hiyo, kati ya anayekabidhi na anayepokea kuna makubaliano ambayo aghalabu hayaandikwi ndani ya programu bali katika maelezo yake: funksheni utakayonipa nitaipa agumenti ngapi, kwa mpangilio gani, nami natarajia jibu la aina gani. `sorted` ya Python huahidi agumenti moja. Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, funksheni ya kupanga iitwayo `qsort` hudai ipewe funksheni ya kulinganisha yenye parameta mbili, na jibu liwe namba hasi, sifuri au namba chanya. Anayepuuza makubaliano hayo ataadhibiwa, ila namna ya kuadhibiwa hutegemea lugha.

JavaScript hutoa mfano ambao nauona kuwa bora kuliko yote, kwa sababu unawanasa hata wenye uzoefu. Una orodha ya maandishi matatu, yote ni "10", na unataka kuyageuza yawe namba. Funksheni `parseInt` hugeuza maandishi kuwa namba, na `map` hupitisha kila kipengele cha orodha katika funksheni utakayoipa. Basi unaandika:

```
["10", "10", "10"].map(parseInt)
```

Unatarajia kumi tatu. Unachopata ni 10, kisha NaN, yaani kitu kisicho namba, kisha 2. Hakuna hitilafu katika JavaScript. `map` huahidi kuipa funksheni yako agumenti tatu: kipengele chenyewe, nafasi yake katika orodha kuanzia sifuri, na orodha nzima. `parseInt` nayo ina parameta mbili: maandishi, na kizio cha hesabu, yaani kama namba isomwe kwa makumi, kwa mbili mbili au kwa kizio kingine. Kwa hiyo "10" ya kwanza imepewa kizio 0, ambacho `parseInt` hukichukulia kuwa hakikutajwa, na jibu likawa 10. Ya pili imepewa kizio 1, ambacho hakikubaliki, ikatoka NaN. Ya tatu imepewa kizio 2, na katika hesabu ya kizio cha mbili maandishi "10" maana yake ni mbili. Agumenti ya tatu, orodha nzima, imetupwa kimyakimya, kwa kuwa JavaScript haijali agumenti za ziada. Python ingelikataa jambo kama hilo mara moja na kutaja idadi ya agumenti zilizozidi. Kwa maoni yangu ukali huo wa Python ni fadhila kubwa kwa anayeanza, ingawa wapenzi wa JavaScript hawatakubali.

Vipi ikiwa funksheni unayotaka kuikabidhi inahitaji agumenti zaidi ya ile ambayo mpokeaji ameahidi kutoa? Tuseme kanuni yetu sasa ina parameta mbili:

```
def bei_na_kiwango(bei, kiwango):
    return bei * (100 + kiwango) / 100
```

`jumla_ya_risiti` itatoa bei tu. Kiwango kitatoka wapi? Zipo njia tatu, na zote utakutana nazo katika programu za watu.

Njia ya kwanza ni kumwomba mpokeaji akubali kubeba agumenti za ziada na kuzifikisha. Katika Python hilo hufanywa kwa alama ya nyota:

```
def jumla_ya_risiti(bei_zote, kanuni, *nyingine):
    jumla = 0
    for bei in bei_zote:
        jumla = jumla + kanuni(bei, *nyingine)
    return jumla

jumla_ya_risiti([500, 250, 100], bei_na_kiwango, 14)
```

Nyota ina kazi mbili zinazopingana, na ndiyo sababu huwachanganya watu. Katika mstari wa `def` hukusanya: agumenti zote zilizobaki hufungwa pamoja katika kifurushi kiitwacho `nyingine`. Katika mstari wa kuita hufungua: kifurushi hufunguliwa, na kila kilichomo huwa agumenti inayojitegemea. Utaona funksheni nyingi zikitumia majina `args` na `kwargs` kwa kazi hii, ya pili ikiwa na nyota mbili kwa ajili ya agumenti zinazotajwa kwa jina. Majina hayo ni desturi tu, nyota ndizo zenye nguvu.

JavaScript inafanya vivyo hivyo katika `setTimeout`, ambayo hupokea funksheni, muda wa kungoja kwa milisekunde, kisha agumenti zozote za kuifikishia funksheni hiyo. Python nayo, unapoanzisha kazi ya pembeni kwa `Thread`, huomba funksheni katika `target` na kifurushi cha agumenti zake katika `args`. Hapa pana mtego mdogo unaostahili kutajwa. Mtu akiandika `args=("Nairobi")`, anadhani ameunda kifurushi chenye kitu kimoja, kumbe mabano bila koma si kifurushi. Python hupokea maandishi "Nairobi", huyafungua herufi moja moja, na kulalamika kwamba funksheni inayohitaji agumenti moja imepewa saba. Dawa ni koma: `args=("Nairobi",)`.

Njia ya pili ni kuunda papo hapo funksheni ndogo yenye parameta moja, ambayo ndani yake inaiita ile yenye mbili:

```
jumla_ya_risiti([500, 250, 100], lambda bei: bei_na_kiwango(bei, 14))
```

Neno `lambda` limewapa watu hofu isiyostahili. Ni funksheni ya kawaida isiyopewa jina, na katika Python huruhusiwa kuwa na usemi mmoja tu, yaani kipande kimoja kinachotoa thamani. Ona pia kwamba mabano yaliyomo ndani yake hayaiiti `bei_na_kiwango` sasa. Yanangoja hadi lambda yenyewe itakapoitwa.

Njia ya tatu ni kuijaza funksheni nusu. `functools.partial(bei_na_kiwango, kiwango=14)` hurudisha funksheni mpya ambayo kiwango chake kimeshajazwa na inangoja bei pekee. Mimi huipendelea njia hii kuliko ya pili, kwa sababu tutakayoiona hivi punde.

Hadi sasa tumezungumzia nani anaita na kwa agumenti zipi. Lini ndilo swali linaloleta hasara ya fedha. Wengi huamini kwamba funksheni iliyokabidhiwa huitwa baadaye kila mara. Si kweli. `sorted` ya Python na `map` ya JavaScript huziita funksheni zao hapo hapo, na programu haiendelei mpaka zimemaliza. `setTimeout` haifanyi hivyo: huihifadhi funksheni, huiruhusu programu iendelee na mstari unaofuata, na huiita muda ukifika. Ukiandika `setTimeout(tuma("karibu"), 5000)`, ujumbe utatumwa sasa hivi, na baada ya sekunde tano hakutatokea lolote, kwa kuwa ulichokabidhi ni jibu la `tuma`.

M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom mwaka 2007, hufuata mtindo huu wa kungoja kupitia jukwaa lake la Daraja, linalotumiwa na wajenzi wa tovuti kuomba malipo. Tovuti hutuma ombi lenye kiasi, nambari ya simu ya mteja, na anwani ya mtandao inayowekwa katika sehemu iitwayo `CallBackURL`. Funksheni yenyewe haisafiri kutoka seva moja hadi nyingine. Kinachosafiri ni anwani ambapo funksheni hiyo inapatikana, na Daraja itaigonga anwani hiyo matokeo yakijulikana. Jibu la kwanza hurudi ndani ya muda mfupi likiwa na `ResponseCode` ya 0, na maana yake ni kwamba ombi limekubaliwa ili lishughulikiwe. Jibu la pili huja baadaye, mteja akishaingiza nambari ya siri au akishakataa, na hilo ndilo lenye `ResultCode`: 0 ikiwa malipo yamefaulu, 1032 ikiwa mteja ameghairi. Sifuri ya kwanza na sifuri ya pili zinafanana machoni lakini ya kwanza haithibitishi kwamba hata shilingi moja imehama. Tovuti inayotangaza malipo kwa sifuri ya kwanza imechukua risiti ya ombi ikaifanya kuwa risiti ya fedha. Aliyeielewa tofauti hiyo ataiweka hesabu ya malipo ndani ya funksheni inayongoja kwenye anwani ile, na ataihakiki kwanza nambari iliyoletwa ya `CheckoutRequestID`, inayolitambulisha ombi, kwa sababu anwani iliyo wazi mtandaoni inaweza kugongwa na yeyote.

Funksheni inayongoja huzua swali gumu zaidi. Ikiwa itaitwa baadaye, mbali na mahali ilipoandikwa, vigeu inavyovitaja vitakuwa bado vipo? Katika Python na JavaScript, ndiyo. Funksheni hubeba njia ya kuvifikia vigeu vilivyokuwa vimeizunguka ilipozaliwa, hata kama funksheni iliyoizaa imeshamaliza kazi. Mchanganyiko huo wa funksheni na mazingira yake huitwa kloja, jina lililotolewa na mwanasayansi wa Uingereza Peter Landin mwaka 1964. Neno la kutiliwa maanani hapo ni njia. Funksheni haibebi nakala ya thamani, bali hubeba njia ya kukifikia kigeu, na kigeu kinaweza kubadilika kabla ya funksheni kuitwa.

Tazama kinachotokea tukiunda kanuni tatu kwa mzunguko mmoja wa `for`, unaorudia kazi ile ile kwa kila thamani ya orodha:

```
kanuni_zote = []
for kiwango in [0, 8, 16]:
    kanuni_zote.append(lambda bei: bei_na_kiwango(bei, kiwango))
```

Kanuni ya kwanza, inayodhaniwa kuwa ya kiwango sifuri, ukiipa 100 hurudisha 116. Ya pili pia 116. Ya tatu pia. Zote tatu zinakitazama kigeu kimoja, `kiwango`, na mzunguko ulipokwisha kigeu hicho kilikuwa kimebaki na 16. Tukitumia `partial(bei_na_kiwango, kiwango=kiwango)` badala ya lambda, thamani hukamatwa wakati ule ule wa kuunda, nasi tunapata 100, 108 na 116 kama tulivyokusudia. Hiyo ndiyo sababu ya upendeleo wangu. JavaScript ilikuwa na mtego huo huo kwa vigeu vya `var`, na toleo la lugha hiyo la mwaka 2015 liliuondoa kwa vigeu vya `let`, ambavyo hupata umbo jipya kila mzunguko unapozunguka.

Imani mbili zinahitaji kurekebishwa kwa haraka. Ya kwanza ni kwamba kuikabidhi funksheni ni kuinakili, na kwamba funksheni kubwa itailemea programu. Kinachokabidhiwa ni rejeleo dogo la mahali ilipo, na funksheni ya mistari elfu hukabidhiwa kwa gharama ile ile ya funksheni ya mstari mmoja. Ya pili ni kwamba mambo haya yaliletwa na JavaScript. Brendan Eich aliibuni JavaScript huko Netscape mwaka 1995. Miaka ya 1930, kabla ya kompyuta kama tuzijuavyo, mwanahisabati Alonzo Church wa Marekani alikuwa ameunda hesabu nzima ambayo ndani yake kila kitu ni funksheni inayopewa funksheni, na neno lambda limetoka kwake. John McCarthy aliliingiza wazo hilo katika lugha ya Lisp, aliyoianza mwaka 1958 katika chuo cha MIT, na maelezo yake ya mwaka 1960 tayari yana funksheni inayopokea orodha pamoja na funksheni ya kuitumia juu yake. Java ndiyo iliyochelewa: haikupata lambda hadi toleo la 8, mwaka 2014, na kabla ya hapo wanaprogramu wake waliandika mistari mitano au sita ili kukabidhi kile ambacho sasa hukabidhiwa kwa mmoja.

Linabaki suala la lini usiikabidhi funksheni, ambalo vitabu vya kufundishia hulipita upesi mno. Msomaji makini atakuwa ameshagundua kwamba mfano wetu wa risiti ulikuwa na suluhisho rahisi zaidi. Ikiwa kinachobadilika ni asilimia tu, mpe `jumla_ya_risiti` namba 14 au 16, na hakuna haja ya kukabidhi funksheni yoyote. Namba ni rahisi kuisoma, kuichapisha na kuihifadhi katika hifadhidata. Funksheni si rahisi hivyo. Lakini ushuru halisi wa Kenya hauko hivyo. Mkate wa kawaida una kiwango cha sifuri, na hapo kanuni haiwezi kuamua kwa kutazama bei peke yake. Lazima ijue bidhaa ni ipi. Kanuni imekuwa uamuzi, na uamuzi hauingii katika namba moja.

Mabadiliko hayo yanagusa makubaliano. `jumla_ya_risiti` sasa inapaswa kuita `kanuni(bidhaa)` badala ya `kanuni(bei)`, na kila funksheni iliyowahi kukabidhiwa kwake, popote ilipo katika programu, itapokea kitu ambacho haikukitarajia. Kwa hiyo anayeandika funksheni itakayopokea funksheni nyingine hufanya vyema kutoa, tangu siku ya kwanza, bidhaa nzima yenye jina, bei na aina yake, hata kama kanuni ya leo itasoma bei tu na kuyaacha mengine.